Kahendero: Kabla Hujaibomoa Nyumba, Itazame Miguu

Ukitoka mjini Kasese ukashika barabara ya kwenda Mbarara, utapita Muhokya, halafu utaiacha lami na kukata kushoto kuelekea Ziwa George. Njia inaishia Kahendero. Ni mwalo wa wavuvi: mitumbwi imevutwa ukingoni, nyavu zimeanikwa, ngege na kambare wanasubiri mnunuzi. Mbele yako ni ziwa, na kwingine kote umebanwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Usiku kiboko hutoka majini kuja kula majani, na akipita uani kwako hana habari na uzio.

Kwenye kipande hicho cha ardhi kuna nyumba za kila umri, na kila mwenye nyumba iliyochoka hufikiwa na swali moja. Aikarabati? Au aiangushe chini, ajenge mpya, tena ile inayoitwa siku hizi nyumba rafiki wa mazingira?

Picha ya nyumba hiyo imo kwenye simu za watu wengi. Kuta za matofali mekundu yasiyopigwa lipu, sola juu ya paa, tangi jeusi ubavuni, miti miwili ya maembe. Kijana anamtumia mama yake kutoka Kampala, au kutoka Dubai alikokwenda kutafuta: mama, tubomoe hiyo, tujenge hii. Picha haisemi udongo wa matofali hayo ulichimbwa wapi, nani alileta kokoto, wala ni kuni kiasi gani zilizochomwa.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji asije akadhani namzungusha. Kwa nyumba nyingi za mwaloni kama Kahendero, iliyo rafiki wa mazingira kuliko zote ni hiyo hiyo unayotaka kuibomoa. Kuna hali ambazo lazima uihame, na nitazitaja. Lakini hazitokani na uzuri wa picha.

Tuanze na malighafi. Mtu wa vilimani akitaka kujenga hukata mikaratusi yake, huchimba udongo nyuma ya nyumba, huokota mawe mtoni. Wa Kahendero hana nafasi hiyo. Akitoka nje ya kijiji ameingia hifadhini, na mti, mchanga au udongo wa hifadhi si mali ya kuchukuliwa bila ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Kwa hiyo karibu kila kitu kinakuja kwa lori au kwa bodaboda. Nyumba mpya maana yake ni safari za malori, na lori halijui kama linabeba matofali ya kijani au ya rangi gani.

Halafu yako matofali yenyewe. Tofali la kuchoma ndilo fahari ya ujenzi Uganda. Unafyatua tope kwenye kibao, unaanika, unapanga tanuri refu kuliko mtu, unaacha matundu chini, unasukuma magogo, unaziba kwa tope na kukesha nalo. Tanuri linakula kuni kama treni ya zamani. Na baada ya yote hayo ya pembeni hutoka mabichi, ya katikati huungua yakapinda, na kwa sababu hayalingani fundi anajaza saruji nene katikati ya mstari na mstari. Takwimu za serikali zilionyesha misitu ikishuka kutoka asilimia 24 ya ardhi ya Uganda mwaka 1990 hadi asilimia 9 mwaka 2015. Matanuri hayakufanya kazi hiyo peke yake, mkaa na mashamba yalikuwapo, lakini mkono wao umo.

Saruji nayo? Kiwanda cha Hima kimo humu humu wilayani Kasese, kwa hiyo mtu anaweza kujipa moyo kwamba anatumia kitu cha nyumbani. Umbali si tatizo. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto kali sana, na mawe hayo yakiungua hutoa hewa ukaa yenyewe, mbali na ile ya moto unaoyachoma. Duniani kote saruji inahesabiwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa ya binadamu. Mfuko mmoja wa kilo 50 unakuwa umeshatoa kilo 30 hadi 45 za hewa hiyo kabla fundi hajaupasua. Ndiyo maana msanifu wa Marekani, Carl Elefante, aliandika mwaka 2007 kwamba jengo la kijani kuliko yote ni lile ambalo tayari limesimama. Alikuwa akifikiria majengo makubwa ya kwao, lakini hesabu yake inafika hadi Kahendero.

Sasa chukua msumari wa inchi nne, twende ukutani.

Inama kabisa, pale ukuta wa fito na udongo unapokutana na ardhi, uusukume msumari kwa kidole gumba. Ukizama kama kwenye ugali, usitishike bado. Panda nao nusu mita, jaribu tena. Panda hadi usawa wa kifua. Mara nyingi hapo juu msumari unagoma, na ukiugonga kwa jiwe unatoa vumbi kavu. Maana yake nyumba yako haijafa. Inaumwa miguu. Mvua inayodondoka kutoka kwenye bati fupi inaruka kutoka ardhini na kupiga ukuta, maji mengine yanapanda kutoka chini, mchwa wanafuata unyevu, na fito zinaoza sehemu ya chini tu. Kule Devon, Uingereza, ambako zipo nyumba za udongo zilizosimama kwa karne kadhaa, mafundi wana msemo kwamba nyumba ya udongo haidai mengi, inataka viatu vizuri na kofia nzuri. Ukivitunza hivyo viwili, kiwiliwili kitajitunza.

Kuivalisha nyumba viatu ni kazi ya subira. Unatanguliza miti ya kushikilia paa. Kisha unakata sehemu iliyooza ya chini, mita moja kwa wakati mmoja, unajenga hapo msingi wa mawe na saruji kidogo uliopanda juu ya ardhi walau kufikia goti, unaacha ukauke, ndipo unaruka kwenda mita nyingine isiyopakana na hiyo. Fundi mwenye haraka atakuambia akate upande mzima mara moja amalize Ijumaa. Huyo mlipe nauli arudi kwao, maana ukuta utawaangukia nyote wawili. Ukimaliza, chimba mfereji kuzunguka nyumba, jaza kokoto, na maji yaelekee mbali na ukuta. Kisha rudi juu, ongeza urefu wa upenu utoke walau sentimita 60. Mifuko ya saruji utakayotumia utaihesabu kwa vidole, na hutahitaji tofali hata moja la tanuri.

Kuna kosa moja ambalo lazima nilikiri, kwa sababu nililitenda mwenyewe. Miaka ya nyuma niliupiga lipu ya saruji ukuta wa udongo wa nyumba ya marehemu bibi yangu. Ilipendeza. Majirani walinipongeza, nami nikavimba kichwa. Msimu wa pili ukiigonga inatoa sauti ya debe tupu. Wa tatu kikabanduka kipande kikubwa kama mlango, na nyuma yake udongo umegeuka tope. Udongo hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Saruji ikiufunika, maji yaliyoingia hayana pa kutokea. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe kule Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar huugua ugonjwa huo huo wakizipaka saruji badala ya chokaa. Ukuta wa udongo ukandike kwa udongo, changanya na mchanga na majani makavu, au tumia chokaa. Kila baada ya misimu michache utaurudia, na hiyo si aibu. Hata mtumbwi hupakwa lami upya na hakuna anayeucheka.

Wala sisemi ukarabati ni mchezo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu kuliko yote Zanzibar, iliporomoka likiwa linakarabatiwa, na watu wawili wakafa. Jengo likishachoka sana, kuligusa tu ni hatari. Ndiyo sababu nasema tuanze na msumari, tuache nyundo kwanza.

Tukishamaliza miguu, tutazame kofia. Malalamiko makubwa ya watu wa mwaloni kuhusu nyumba zao ni joto. Bonde hili la Ziwa George liko chini, kwenye kivuli cha mvua cha Milima ya Rwenzori, na bati tupu saa nane mchana linageuza chumba kuwa tanuri lingine. Mtu anadhani dawa ni kuta mpya, na kuta mpya hazitamsaidia kitu chini ya bati lile lile.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili kuliko wengi ni msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso. Shule aliyowajengea wanakijiji wenzake huko Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ina kuta za matofali ya udongo na dari ya udongo, na bati limeinuliwa juu ya dari likaacha nafasi ya upepo. Jua linapiga bati, hewa moto inatoka pembeni, darasa linabaki na nafuu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu. Somo lake linakutosha bila kubomoa chochote: weka dari. Mafunjo yaliyosukwa yanatosha, mradi umeyanunua kwa njia halali. Acha uwazi wa kiganja kati ya ukuta na bati, uuzibe kwa wavu wa mbu, na upake bati rangi nyeupe. Ikweta inakata barabara kuu karibu na Kikorongo, mwendo mfupi kusini kwenu, kwa hiyo jua huwapanda utosini na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazokaangwa. Panda mti upande wa magharibi. Dirisha jipya lifungue kaskazini au kusini.

Sasa zile hali ambazo lazima uihame nyumba, hata kama kuta zake ni chuma.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka kutoka Rwenzori na mawe makubwa kama magari, ukabeba nyumba na madaraja huko Kilembe na Kasese. Mei 2020 ukarudi, na hospitali ya Kilembe ikavamiwa na maji hadi wagonjwa wakahamishwa. Majengo yale hayakuwa mabovu. Yalisimama mahali ambapo mto ulikuwa unapadai. Hakuna tofali, liwe la kuchoma au la kushindilia, linalojadiliana na mto wa namna hiyo. Kwenye ziwa maji hayaji kwa kishindo, yanapanda polepole, lakini hesabu ni ile ile. Ikiwa kila msimu maji yanaingia sebuleni, kukarabati ni kumpaka maiti poda. Na kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinatenga ukanda wa hifadhi kando ya maziwa makubwa unaofika mita 200 kutoka majini. Kabla hujaweka hata jiwe jipya, nenda kwa ofisa mazingira wa wilaya uulize kiwanja chako kiko upande gani wa mstari huo. Wengi huuliza baada ya kujenga.

Hali nyingine ni nyufa. Ufa mwembamba wa kwenye kandiko usikukoseshe usingizi. Ufa unaopanda kwa ngazi kutoka msingini hadi kwenye bati, unaopitisha vidole, na ambao mwaka jana ulipitisha kidole kimoja, huo unasema ardhi chini inatembea. Tena tuko kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua zaidi ya watu 150 katika eneo la Toro na mpakani mwa Kongo. Februari 1994 likaja jingine la Fort Portal. Nyumba ya zamani isiyo na kitu kinachozifunga kuta zake pamoja huko juu inaweza kuongezewa mkanda: mbao nzito au linta ya zege yenye nondo, izunguke nyumba nzima bila kukatika. Ikiwa kuta haziwezi kuubeba mkanda huo, basi muda wake umekwisha, ibomoe kwa heshima.

Nasema kwa heshima nikimaanisha kwa mkono. Bati lenye uhai litoke bila kupasuliwa, kenchi na milango viwekwe kando, udongo wa kuta urudi shimoni ulowekwe: huo ni udongo uliokwisha kuchekechwa na babu yako, wa nini kwenda kununua mwingine?

Ukilazimika kujenga, mimi ningekushauri tofali la kushindilia lenye mbonyeo na mwinuko, linalong'ata mwenzake. Mashine yake ni ya mkono, chuma kizito chenye mpini mrefu. Udongo uliochekechwa na kuchanganywa na saruji kidogo unamwagwa kwenye kisanduku, kifuniko kinafungwa, watu wawili wananing'inia kwenye mpini hadi unagota, kisha unageuzwa na tofali linachomoza polepole, mbichi, lenye kona kali kama sabuni ya mche. Halichomwi. Linapangwa kivulini, linafunikwa na kunyunyiziwa maji kwa wiki kadhaa. Ukijenga, mstari mmoja unaketi juu ya mwingine kwa saruji kidogo sana.

Nimepiga hesabu ya nyumba ndogo, mita 6 kwa 7, yenye ukuta mmoja wa kati na urefu wa mita mbili na nusu. Ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 70 za ukuta, yaani matofali yapata 2,500. Mfuko mmoja wa saruji ukitoa kama matofali 90, unahitaji karibu mifuko 28 kwa kuta peke yake. Bado msingi, bado linta, bado sakafu. Kwa hiyo hata nyumba hii ya kijani ina saruji yake, asikudanganye mtu. Na si kila udongo unakubali. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi utakutia hasara usipouchanganya na mchanga. Jaza chupa ya kioo nusu udongo na nusu maji, itikise, iache hadi kesho. Mchanga utatuama chini, mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi umetawala, tafuta udongo mwingine kabla hujalipia mashine.

Bwera, kule karibu na mpaka wa Kongo, ni habari nyingine, na nitaipitia haraka. Kule ni mlimani, kuna mawe, kuna mikaratusi ya watu binafsi, na soko la Mpondwe liko mlangoni, ambako kwa Kiswahili cha mpakani unaweza kupatana bei ya mbao zilizovuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Malighafi si shida. Shida ni mteremko: kila anayechimba udongo wa matofali nyuma ya nyumba yake anakata mguu wa kilima, na mvua kubwa ikija kilima kinaketi. Mtu wa Bwera anaweza kujenga upya kwa urahisi kuliko wa Kahendero, ila ajue shimo lake liko juu ya nyumba ya nani.

Turudi ziwani tuzungumze pesa, maana hapo ndipo nyumba nyingi za kijani zinapofia. Pesa ya samaki inakuja na kukatika. Ukarabati unakubali pesa ya namna hiyo: mwezi huu mfereji, mwezi ujao mita tatu za msingi, ukipata dari unaweka, na siku zote unalala ndani. Nyumba mpya haikubali. Ukiianza na kuishiwa, unabaki na kuta bila paa, mvua inazila, majani yanaota sebuleni, na wewe umepanga chumba kwa jirani kwa sababu ya zamani uliibomoa. Kuta za namna hiyo ziko kila mahali kati ya Kasese na mpaka wa Kongo. Saruji imeshachomwa, kuni zimeshachomwa, na hakuna anayelala humo. Sijaona kitu kinachoudhi mazingira kuliko hicho.

Vitu viwili vinafaa nyumba yoyote, iwe kuukuu au mpya. Cha kwanza ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua moja ya milimita 20 linakusanya lita 800, pungufu kidogo kwa yanayomwagika. Mifereji ya paa na tangi vinakupa maji, na wakati huo huo vinaondoa yale yaliyokuwa yakiila miguu ya ukuta. Cha pili ni choo. Ziwa George halifiki wastani wa mita 3 kwa kina, na tangu 1988 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza kwa Uganda. Maji ya ardhini kando yake yako karibu, kwa hiyo shimo refu la choo ni bomba la kwenda ziwani. Kiinue choo juu ya ardhi, kiwe cha kutenganisha mkojo na kinyesi, na majivu yawe karibu. Wala oili chafu ya injini usiwamwagie mchwa ukutani. Itashuka huko huko unakotega nyavu.

Mvua za mwanzo wa mwaka huanza Machi. Usimwite fundi Februari, wakati kila ukuta unaonekana mzima. Ngoja siku ya mvua kubwa, vaa mabuti, toka nje uizunguke nyumba yako mara mbili ukitazama maji yanaanguka wapi, yanasimama wapi, yanaelekea wapi. Kesho yake ndiyo umwite, na msumari wako mkononi.